Saa Sita ya Mama

Treni ilisimama mahali pasipo na stesheni.

Kushoto kwetu bahari, kulia mashamba na nyumba za hapa na pale. Tulikuwa tumeshaipita Ladispoli, lakini ngome ya Santa Severa bado hatujaiona. Asubuhi niliiwekea alama kichwani: ukiiona hii wakati wa kurudi, umebakiza kidogo. Saa yangu ilionyesha saa kumi na dakika arobaini. Saa kumi na moja na nusu ngazi ya meli ingeondolewa gatini Civitavecchia. Kipaza sauti kikatamka maneno mengi ya Kiitaliano na mimi nikaambulia moja tu, *ritardo*. Kuchelewa.

Mama alikuwa amekaa dirishani, khanga begani, anakula senene. Alikuja nao kutoka Bukoba, wamekaushwa vizuri, kwenye kopo la kahawa. Anachukua mmoja, anatafuna taratibu, anatazama bahari, anachukua mwingine. Mimi nilikuwa nimeshasimama mara tatu na kwenda mlangoni mara mbili, kana kwamba nikichungulia nje treni itaniona na kunionea huruma.

"Mama, huna wasiwasi?"

Akanigeukia kwa mshangao wa kweli. "Wasiwasi wa nini, mwanangu? Si umesema meli inaondoka saa sita?"

Nilisema hivyo. Asubuhi, tukinywa chai, nilitamka kwa mdomo wangu: meli inaondoka saa sita. Nimeishi Stuttgart miaka kumi na minne. Naamka kwa saa za Kijerumani, naingia zamu hospitali kwa saa za Kijerumani, na jioni ile kichwani mwangu iliitwa *sechs Uhr*. Nilichofanya ni kuibeba ile sita na kuivika Kiswahili. Lakini kwa mama, kama kwa kila mtu wa kwetu, mtu akikuambia asubuhi kwamba utatembea kutwa na chombo kinaondoka saa sita, anakuambia saa sita usiku. Meli ilikuwa inaondoka saa kumi na mbili jioni.

Siku nzima mama alitembea Roma akijua ana muda hadi katikati ya usiku.

Na siku nzima nilimkimbiza, yeye asijue anakimbizwa na nini.

Nilipomweleza hakushtuka. Alifunika kopo, akafuta vidole kwenye leso, akasema, "Basi ikituacha, itakuwa imetuacha. Kwangu si mara ya kwanza."

Nilijua anasema meli gani. Sikujibu.

Hii ni wiki ya sita tangu turudi, na jambo hili limekataa kuniachia. Si treni. Treni iliondoka baada ya dakika kumi na nane, tukachukua teksi stesheni, tukapanda melini zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili. Kinachonisumbua kilitokea kabla ya hapo, kama saa saba mchana, ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro.

## Basi la meli au treni ya watu

Aliyewahi kusafiri na meli hizi za kitalii anaujua utaratibu. Meli inafunga gatini asubuhi, inaondoka jioni, na saa zilizo katikati ni juu yako. Unaweza kununua ziara ya meli yenyewe: basi linakusubiri chini ya ngazi, mtu ameshika kibao cha namba, unashushwa, unahesabiwa, unarudishwa. Au unashuka na miguu yako.

Tofauti kubwa ya njia hizi mbili si bei. Ziara ya meli ikichelewa, meli inasubiri. Ukienda mwenyewe ukachelewa, meli inaondoka, na wakala wa bandari anabaki na wewe gatini kukusaidia kujua utaifuata vipi, kwa gharama yako.

Roma ni mtihani mgumu kuliko bandari zote za njia yetu, kwa sababu meli haifiki Roma. Inafunga Civitavecchia, kilomita kama 70 kaskazini-magharibi, kwenye bandari iliyoanza kujengwa zama za Kaizari Trajan. Hapo unapanda basi la bandari hadi Largo della Pace, kisha basi la mji au mwendo wa miguu kando ya bahari hadi stesheni. Dirishani unaomba tiketi ya siku wanayoiita BIRG, euro 12, ambayo inakupa treni ya mkoa kwenda na kurudi, metro na mabasi ya Roma hadi saa sita usiku. Saa sita ile ya mama. Unaigonga kwenye mashine kabla ya kupanda, kwa sababu tiketi ya karatasi isiyogongwa ni faini. Na kama shabaha yako ni Vatikani, usiende hadi stesheni kuu ya Termini. Shuka Roma San Pietro, kuba la basilika unaliona karibu tu ukitoka stesheni, na unalifikia kwa miguu.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma mwezi mzima. Nilikuwa na karatasi. Nilikagua hata kama kuna mgomo, maana Italia migomo ya treni hutangazwa mapema, na siku za kazi kuna saa ambazo lazima baadhi ya treni ziende: kumi na mbili hadi tatu asubuhi, kisha kumi na mbili hadi tatu usiku. Ile ya jioni haimfai mtu wa meli. Treni ya lazima ikianza kutembea, wewe meli yako inaondoka.

Kwa hiyo sikuwa mzembe. Nasema hivyo kwa sababu kwa wiki kadhaa nimejaribu kujifariji kwamba kosa lilikuwa la maandalizi. Halikuwa.

Nilikataa basi la meli kwa sababu mbili. Moja ni safi: mama amepanda mabasi ya watu maisha yake yote, amekalia magunia, amebebeshwa watoto wa wenzake, na sikutaka aione Roma kupitia kioo, amekaa na watu wale wale aliosafiri nao melini. Nyingine si safi sana. Nilitaka aone kwamba mtoto wake anaijua Ulaya. Kwamba ile miaka kumi na minne imezaa kitu zaidi ya kutuma hela.

## Magotini

Mwaka 2025 ulikuwa Mwaka wa Jubilei. Mlango Mtakatifu wa Mtakatifu Petro, unaofunguliwa kwa kawaida kila baada ya miaka 25, ulikuwa wazi. Kwa mwanamke wa Bukoba, ambako jina la Kardinali Rugambwa ni kama la mtu wa ukoo, sina haja ya kueleza maana yake. Viza yake ya Schengen ilidai barua ya mwaliko, taarifa za benki, bima ya matibabu ya kuanzia euro 30,000. Katika makaratasi yote yale yeye aliuliza kimoja tu: "Mlango utakuwa wazi?"

Tulipanga foleni muda mrefu. Akapita. Aliugusa mlango ule wa shaba kwa viganja vyote viwili, akavipaka usoni, akaingia.

Upande wa kulia wa basilika kuna Kikanisa cha Sakramenti Takatifu. Mlangoni pana pazia na mlinzi. Anayeingia ni anayekwenda kusali, hakuna picha, hakuna maneno. Mama aliingia, akapiga magoti, akatoa rozari.

Nilimpa robo saa. Halafu nikampa dakika kumi zaidi. Kichwani nilikuwa na karatasi yangu: metro ya Ottaviano, kushuka Barberini, chemchemi ya Trevi, kisha uwanja wa kale wa Koloseo, kisha treni ya Termini. Ile tiketi ya siku ilikuwa inaniwasha mfukoni, metro na mabasi yote yale nimeshayalipia, na mama yuko magotini mahali pamoja.

Nikaenda nikamgusa bega.

"Mama. Twende."

Akainua macho. "Tayari?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaibusu rozari ikiwa katikati, akaikunja, akasimama kwa kunishika mkono.

Nilimtoa magotini nikampeleka kwenye chemchemi.

Pale Trevi watu walijaa hadi maji huyaoni. Aliuliza kwa nini wanatupa hela, nikamwambia zinaokotwa na kupewa Caritas kwa ajili ya maskini, akasema vizuri, akatupa senti ishirini. Koloseo aliitazama kutoka upande wa pili wa barabara, akauliza kama ni pale walipouawa mashahidi, tukapiga picha, tukaondoka. Vyote vilikuwa ni vitu vya kuona na aliviona. Hajawahi kunilaumu. Kama angekuwa amenilaumu nisingekuwa naandika.

Swali linalonirudia usiku ni hili: je, aliponiuliza "tayari?", alishangaa kwa nini? Kwa hesabu yake tulikuwa na nusu siku mbele yetu. Aliona mtoto wake amemwondoa kwenye sala bila sababu yoyote, na akanyamaza, akafuata. Mimi nilikuwa na saa moja, yeye nyingine, na hakuna aliyejua.

## Hesabu za kwenye treni

Treni iliposimama nilianza kupiga hesabu. Ikituacha, bandari inayofuata ni Palermo, kesho asubuhi. Kuna treni ya usiku kutoka Roma hadi Sisili. Mabehewa yanapakiwa ndani ya kivuko kuvuka Mlango wa Messina, yanaunganishwa upande wa pili, safari inaendelea. Kuna ndege pia. Pasipoti zetu nilikuwa nazo begani, kwa sababu mwenye pasipoti ya Tanzania hujifunza mapema kutoiacha mbali na mwili wake.

Kwa hiyo hatari halisi ilikuwa nini? Hela kiasi, usiku mmoja wa kukaa macho, aibu. Hilo ndilo nililokuwa nalikimbia tangu asubuhi. Na kwa ajili ya hilo, na chemchemi, nilikuwa nimegusa bega la mtu anayesali.

Mama alikuwa ananitazama. Sijui aliona nini. Alinisogezea kopo.

## Meli iliyomwacha

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mchuuzi wa ndizi. Walikuwa wawili, yeye na mwenzake waliyechanga naye mtaji: wanakusanya mikungu vijijini, wanaishusha Kemondo, meli inaipeleka Mwanza, usiku mmoja majini. Tarehe 20 Mei nilikuwa na malaria kali, na mama alikaa nami zahanati hadi nikachomwa sindano. Alipofika Kemondo, meli ilikuwa imeshaondoka. Mwenzake alikuwa ndani, na mikungu ya wote wawili.

MV Bukoba ilizama asubuhi ya 21 Mei, ikiwa imekaribia Mwanza. Msomaji wa Kitanzania hahitaji nimsimulie zaidi.

Yule mwenzake hakutambuliwa. Mama kila akienda Mwanza alipita makaburi ya Igoma, akasali bila kujua aelekee wapi. Hakupanda tena meli. Miaka 29.

Nilipompigia simu kumwambia kuhusu safari hii nilitegemea akatae. Aliuliza kama melini kuna ibada, nikasema Jumapili huenda ikawepo. Halafu akauliza, "Wanahesabu watu?"

Nikamweleza: kila abiria ana kadi, akishuka mashine inaisoma, akipanda inaisoma, picha yake inatokea kwenye kioo, na kabla ya kuondoka wanajua nani yumo na nani hayumo.

"Basi wanahesabu," akasema. "Nitakuja."

Tuliowapoteza ziwani, hadi leo hesabu yao kamili haijulikani. Kwa hiyo ile mashine ya ngazini iliyokuwa ikinitisha mimi, kwa mama ilikuwa ndiyo sababu ya kukubali kupanda. Kila bandari alisimama mbele yake kwa heshima, akasubiri ilie, akamshukuru kijana aliyeisimamia.

## Karatasi ya kijana wa Mombasa

Usiku wa Roma, mezani, mhudumu aliyetuletea supu alisikia tunazungumza. "Shikamoo, mama," akasema, na uso wa mama ukafunguka. Ni kijana wa Mombasa, ana mkataba wa miezi kadhaa, na kama mabaharia wengi anashuka pale anapopata nafasi, saa mbili au tatu tu. "Sisi tukishuka, kwanza twatafuta mtandao wa bure tupige nyumbani. Kisha hela zitumwe. Mji utangoja."

Mama akamsimulia habari ya saa sita. Hakucheka. Alikwenda, akarudi na karatasi ndogo. Alikuwa ameandika kwa kalamu, bandari zote zilizobaki, na mbele ya kila moja saa ya mwisho ya kupanda, kwa Kiswahili, na jioni ameandika jioni. "Mama ukae na hii wewe," akamwambia. "Usimwachie mtoto." Akaongeza kwamba kwa njia yetu hii, Italia, Malta, Hispania na Ufaransa, saa ni moja. Wanaokwenda Ugiriki ndio hupoteza saa moja njiani na kuchanganyikiwa saa ya meli na saa ya mji.

Tangu siku hiyo mama ndiye aliyeshika muda.

Sikujua jambo dogo kama hilo linaweza kubadilisha mwendo wa watu wawili. Palermo meli inafunga mjini kabisa, hakuna treni wala basi la kutafuta, ukivuka barabara ya bandari umefika. Sikupanga lolote. Tulikwenda soko la Ballarò, tukakaa. Kuna vitu wanaviita *panelle*, unga wa dengu uliokaangwa, wanakula ndani ya mkate. Mama alionja akasema hizi ni bhajia, ila zimelala. Alikaa na muuza mboga mwanamke karibu saa nzima, kila mmoja akisema lugha yake, wakionyeshana vidole vilivyopinda kwa kazi. Saa tisa alitazama karatasi yake, akatazama saa ya mkononi, akasema bado.

## Marahaba

Valletta meli inaingia Bandari Kuu kati ya kuta za mawe ya rangi ya asali. Kutoka gatini unatembea dakika chache hadi lifti ya Barrakka, inayopanda mita 58 kwenye ukuta wa ngome na kukutoa bustanini juu ya mji. Hapo juu kulikuwa na kibao: *Merħba*.

Mama akasoma kwa sauti. Akanitazama. "Nani amewaamkia?"

Nilieleza kwamba kwao maana yake ni karibu. Lakini hakuniachia. Kimalta kilitokana na Kiarabu cha Sisili cha zama za kati, kikajaa Kiitaliano, kikaandikwa kwa herufi za Kilatini, na tangu 2004 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Sisi tulichukua maneno kutoka kwa Waarabu wengine, bahari nyingine. Kwenye basi la Mdina, wazee wawili wanawake mbele yetu walikuwa wakibishana jambo la bei, na mama akaanza kunibana mkono. *Ħamsin. Sittin.* Baadaye, *elf*. Nilifungua simu tukasoma pamoja: *għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin, sittin, sebgħin, tmenin, disgħin, mija*. Alizitamka kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, na mmoja wa wale wazee akageuka, akatabasamu, akaendelea naye hadi mia. Thelathini, *tletin*. Themanini, *tmenin*. Basi zima la nyuma likawa linasikiliza.

Hilo halimo kwenye ziara yoyote ya meli, na lisingetokea kwenye basi lenye kioo cheusi. Kwa hiyo ile sababu yangu safi, ilikuwa safi kweli. Nilifarijika siku ile.

Nilifarijika mapema mno.

## Basi namba 116

Barcelona miguu ya mama ilivimba, akabaki melini. Nikashuka peke yangu, nikapanda basi la gati hadi kwenye mnara wa Columbus, na kwa sababu sikuwa na haraka nikaenda nikitembea tu.

Barcelona ndiko nilikokumbuka habari ya basi namba 116. Ni basi dogo linalopita karibu na bustani ya Park Güell, kwenye vilima, mitaa ambayo mzee hawezi kupanda na mfuko wa soko. Wageni waliokuwa wakiifuata njia yake kwenye ramani za simu walilijaza hadi wenyeji wakawa hawapandi. Mwaka 2024 halmashauri ya jiji iliomba namba ile iondolewe kwenye ramani, na ikaondolewa. Mwaka uliofuata, Julai 2025, jiji na bandari wakakubaliana kupunguza vituo vya meli za kitalii kutoka saba hadi vitano ifikapo 2030.

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa moja nikawaza. Miaka yote nimejisifu kwamba sipandi mabasi ya watalii. Nimewaambia marafiki: panda wanalopanda wenyeji, ndio heshima. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tunaposema hivyo tunamfikiria mgeni mmoja, amekuja na kuku au sukari, atalala, ataongea. Hatufikirii watu elfu nne wanaoshuka saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili, kila mmoja amesoma ushauri ule ule wa kupanda basi la wenyeji. Mwenyeji anaponaje hapo, wakati kiti chake nimekalia mimi?

Anayepanda basi la meli angalau hamnyang'anyi bibi wa mtu kiti. Sikuwahi kuliwaza hilo kabla. Na bado basi la meli lingemnyima mama zile namba za Valletta. Sijapata jibu linalonitosha. Niliporudi melini nilimsimulia mama. Alisikiliza, akasema tu, "Basi ni la anayeenda sokoni."

## Bonne Mère

Marseille ilikuwa ya mwisho kabla ya kurudi Genova. Gati la meli kubwa liko mbali kaskazini mwa mji. Basi la kuhamisha abiria linakushusha La Joliette, na kutoka hapo tulikwenda polepole kando ya maji, tukipumzika kila penye benchi, hadi Vieux-Port. Karatasi ya kijana wa Mombasa ilisema: mwisho saa 11 jioni. Tulikuwa na saa sita, na safari hii wote wawili tulijua ni zipi.

Nilimuuliza mama anataka nini. Akaonyesha juu. Kilimani kuna basilika la Notre-Dame de la Garde, lililowekwa wakfu 1864, na juu ya mnara wake sanamu iliyopakwa dhahabu ya Bikira Maria na Mtoto ambayo watu wa Marseille wanaiita *la Bonne Mère*, Mama Mwema. Inaonekana kutoka baharini. Alikuwa ameiona alfajiri, kutoka sitahani, kabla mimi sijaamka.

Basi namba 60 linapanda hadi juu kwa njia nyembamba inayopinda. Tulikaa nyuma.

Sikuwa nimesoma chochote kuhusu ndani ya kanisa lile. Kuta zimejaa vibao vya marumaru vya shukrani, na kutoka darini, kwa nyuzi ndefu, zinaning'inia meli. Meli ndogo za kuchongwa, za matanga, za moshi, za wavuvi, kila moja imeletwa na mtu aliyenusurika majini au na watu wake. Upepo wa mlangoni ukiingia zinatikisika kidogo, kama ziko gatini.

Mama alisimama chini yake, kichwa juu, muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ile ya pili, karibu na dirisha. Bomba lake ndilo lile."

Akapiga magoti. Akatoa rozari.

Nilikaa kiti cha nyuma yake. Mafungu matano alimaliza yote, kisha akaanza upya, na safari hii nilimsikia akitaja jina la mwenzake kila mwisho wa fungu. Nilikuwa sijalisikia tangu nikiwa mtoto. Jua lilihama kutoka kibao kimoja hadi kingine. Watu wa meli yetu waliingia, wakapiga picha, wakatoka, wakaja wengine.

Alipomaliza aliangalia karatasi, akaangalia saa yake. "Saa tisa na robo," akasema. "Tunaweza kwenda."

Kituoni basi la 60 lilikuja likiwa na nafasi chache. Mbele yetu walikuwapo wanawake watatu wa mtaani, wawili wana mifuko, mmoja fimbo. Wakapanda. Zilibaki nafasi za kusimama, na dereva akatusubiri, mlango wazi. Nikamshika mama mkono kumpandisha.

Hakwenda. Alimpungia dereva aende.

"Linalofuata," akasema. Akakaa kwenye ukuta wa mawe, uso kuelekea baharini, akafungua kopo la senene.